Kulinda watoto na watu wazima wasioweza kujitetea katika vituo vya malezi vya Lubumbashi: mwongozo kwa walezi na wasimamizi

Msimamizi anayetaka kujua kama kituo chake ni salama asianze na karatasi za ofisini. Aamke saa kumi usiku, avae viatu visivyo na kishindo, na azunguke ndani ya kituo chake mwenyewe. Aone nani yuko macho na nani amelala zamu, mlango upi umefungwa kwa ndani, watoto wanaogea wapi na ni nani anayewamwagia maji, na koranti ikikatika, giza linaingia chumba kipi kwanza. Kisha arudi Jumapili alasiri, wakati nusu ya walezi wako ibadani na wageni wanaingia na kutoka bila kuandikwa. Nimekaa katika kazi hii hapa Lubumbashi muda wa kutosha kujua kwamba ubaya hautendeki mbele ya mkubwa wala siku ya ukaguzi. Unatendeka katika zile saa na sehemu ambazo kila mtu anadhani mwenzake anaziangalia.

Kwa hiyo mwongozo huu hauwaombi walezi wawe watu wema, kwa sababu wengi wao tayari ni wema. Unawaomba wapange kazi kwa namna ambayo hata mtu mbaya akiingia hapati nafasi, na wakatae mapema ile desturi yetu ya kumaliza mambo ndani ya nyumba. Unahusu watoto, yaani kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18 kama Katiba yetu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inavyosema, na pia watu wazima ambao maisha yao yako mikononi mwa wengine: wazee, walemavu, wagonjwa wa akili na wale ambao akili yao haikukomaa pamoja na mwili. Unahusu nyumba za yatima, vituo vya watoto wa barabarani, mabweni ya shule za viziwi na vipofu, nyumba za wazee, hospitali za magonjwa ya akili, na hata vyumba vya maombi ambamo wagonjwa hulazwa kwa majuma kadhaa, ingawa wenye vyumba hivyo hawapendi kuitwa kituo.

Anzeni na ramani

Chukueni karatasi kubwa mchore kituo chenu bila kujali uzuri wa mchoro: mabweni, jiko, stoo ya unga, vyoo, bafu, chumba cha wageni, gari, na kijia cha kutokea nyuma. Halafu kila mlezi, peke yake na si mbele ya wenzake, aweke alama mahali ambapo mtu mzima anaweza kukaa na mtoto dakika kumi bila kuonekana. Baadaye waulizeni watoto na wakubwa wanaolelewa, kwa maneno yao: ni mahali gani hapa hupendi kupita? Alama zao hazifanani na za walezi, na mara nyingi ndizo sahihi. Katika kituo kimoja nilichowahi kukisaidia, walezi karibu wote waliweka alama kwenye vyoo, lakini watoto wadogo waliziweka kwenye stoo ya makala (makaa ya kupikia), ambayo ufunguo wake ulishikwa na mtu mmoja. Ule mlango tuliubadilisha siku hiyohiyo, na maswali yakafuata baadaye.

Marekebisho mengi hayangojei wafadhili. Seremala anaweza kukata kidirisha kwenye mlango wa stoo, bafu ya wadogo inaweza kuhamishiwa upande unaoonekana kutoka jikoni, na taa ndogo ya jua inaweza kutundikwa kwenye korido, kwa kuwa kungoja umeme wa SNEL (shirika la umeme la nchi) urudi si mpango wa ulinzi. Watoto wasimamiwe na walezi wawili wakati wa kuoga, na kama zamu ina mtu mmoja tu, mlango ubaki wazi na watoto wakubwa wajioshe wenyewe. Mlinzi wa usiku abaki langoni, asipewe ufunguo wa bweni lolote.

Kuna jambo ambalo vituo vingi havilioni kuwa hatari, nalo ni kapita. Walezi wakiwa wachache, kijana wa miaka 15 au 16 hupewa bweni zima alisimamie, mara nyingine pamoja na fimbo, na kila asubuhi anasifiwa kwa sababu hakuna kelele. Kimya cha namna hiyo kichunguzwe. Kijana anaweza kusaidia kugawa sabuni na kuhesabu blanketi, lakini asipewe mamlaka ya kuadhibu, asiamue nani ale kwanza, wala asilale kitanda kimoja na mdogo kwa kisingizio kwamba vitanda havitoshi. Ikitokea kwamba mtoto ndiye aliyemdhulumu mwenzake, wote wawili ni watoto na wote wanahitaji kulindwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamweka mwenye umri chini ya miaka 14 nje kabisa ya lawama ya jinai, na kuanzia umri huo hadi 18 kesi yake ni ya mahakama ya watoto.

Kwa mtu asiyeweza kujilisha au kujisafisha, ukatili mara nyingi hauna fimbo. Mlezi anayemlisha mwenye mtindio wa ubongo amkalishe wima, ampe bukari (ugali) kwa matonge madogo, angoje ameze kabla ya kumpa jingine, na asimlaze mara baada ya kula, kwa sababu chakula kinaweza kuingia mapafuni. Mtu anayehitaji dakika 40 kumaliza sahani yake akipewa dakika kumi, basi ananyimwa chakula, hata kama daftari la jiko linaonyesha kwamba alipakuliwa. Kabla ya kumgusa mtu umwambie: “Mama, sasa nakugeuza upande wa kushoto,” hata kama hajibu, hata kama unadhani hasikii. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, na kidonda cha mgongo kikitokea kiandikwe siku kilipoonekana, si siku kilipoanza kunuka. Kumfunga mtu kamba kitandani ili mlezi apumzike, au kumwongezea dawa ya usingizi ambayo daktari hakuiandika, ni unyanyasaji. Fedha za wazee pia ziangaliwe: franga zinazoletwa na jamaa zihesabiwe mbele ya mzee mwenyewe, ziandikwe, na watu wawili watie sahihi.

Mtu anapoomba kazi

Cheti cha mwenendo mwema kutoka komini (manispaa) na hati ya rekodi ya makosa kutoka parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) vinafaa kuombwa, lakini visiwalaze usingizi. Kwetu mambo mengi hayafiki parke, na mtu aliyefukuzwa mara mbili kwa kuwashika watoto vibaya anaweza kuwa na hati nyeupe kabisa, pamoja na barua tamu ya mchungaji wake. Kwa hiyo wapigieni simu waliomwajiri zamani, wawili au zaidi, na msiulize kama alikuwa mtu mzuri, kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Ulizeni: “Je, ungemrudisha kazini kesho, na ungemwachia bweni usiku?” Kisha sikilizeni jinsi jibu linavyochelewa. Miezi mitatu ya kwanza mgeni kazini asiachwe peke yake na wanaolelewa, na kabla ya kuanza asomewe masharti ya kituo kwa lugha anayoielewa, ayatie sahihi, abaki na nakala.

Masharti hayo yawahusu pia dereva, mpishi, wanafunzi wa mafunzo ya kazi, wanakwaya wanaokuja na biskuti, mfadhili kutoka ng'ambo, na mwanzilishi wa kituo mwenyewe. Nasisitiza mwanzilishi kwa sababu ndiye ambaye walezi hawathubutu kumzuia mlangoni. Hakuna mgeni anayemtoa mtoto nje ya uzio bila kibali kilichoandikwa, hakuna anayebadilishana naye namba ya simu, na hakuna picha ya uso wa mtoto inayokwenda mtandaoni pamoja na habari ya mateso yake, hata ikiwa lengo ni kutafuta unga.

Adhabu, maombi na neno “mulozi”

Baadhi ya watoto wanaofika vituoni mjini kwetu walifukuzwa nyumbani baada ya baba kupoteza kazi au kitoto kichanga kufariki, ndipo mtu fulani akasema kwamba huyu ndiye mulozi, yaani mchawi. Wazee na wagonjwa wa akili hupatwa na jambo hilohilo. Sheria haina mashaka juu ya hili: kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumtuhumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya mwaka 2009 inamwekea anayefanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Hata hivyo, shida haiishii kwenye lango la kituo. Neno linaingia pamoja na mtoto. Mlezi analisikia kutoka kwa jamaa waliomleta, mtoto mmoja anakojoa kitandani, mwingine anaota ndoto mbaya, na baada ya juma moja jikoni wanaulizana kwa sauti ya chini kama ni salama kumpa sahani pamoja na wenzake.

Hapo msimamizi afanye mambo mawili bila kuchelewa. Kwanza, habari hiyo isiandikwe katika faili kana kwamba ni sababu ya mtoto kuwa kituoni. Iandikwe kwamba mtoto alituhumiwa, na nani alimtuhumu, kwa kuwa hilo ni kosa alilotendewa yeye. Pili, maombi yawekewe mipaka iliyo wazi. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa na sioni ubaya wa kumwombea mgonjwa, ila anayeomba aombe uwanjani au ukumbini mbele ya watu, asimguse wala kumshikilia mtoto, asimfungishe kula, asimpake wala kumnywesha kitu, na asiamuru dawa za kifafa au za akili ziachwe. Chumba ambamo mgonjwa anafungwa mnyororo hadi “atulie” hakiwi cha kiroho kwa sababu kuna Biblia mezani. Kifungu cha 16 cha Katiba kinakataza kumtendea mtu yeyote kwa ukatili au kumdhalilisha, na tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi ina sheria yake ya kulinda haki za watu wenye ulemavu.

Kuhusu nidhamu ya kawaida nitakuwa mfupi. Hakuna kupiga, hakuna kupigisha magoti kwenye kokoto, hakuna kunyima chakula, blanketi au ziara ya jamaa, hakuna kufungia stoo. Mtoto aliyevunja kitu asaidie kukitengeneza, na aliyepigana akae na mlezi mpaka apoe.

Daftari

Kila zamu iwe na daftari lenye kurasa zilizotiwa namba, la wino, ambalo karatasi haichanwi. Ninajua kwamba mlezi aliyekesha hapendi kuandika, lakini bila daftari dalili ndogo zinapotea, na ni ndogo hizo zinazotangulia kubwa: michubuko nyuma ya masikio, mgongoni au ndani ya mapaja, ambako mtoto anayeanguka huwa haumii kwa urahisi, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, bibi anayenyamaza kila mlezi fulani anapoingia, msichana asiyesema ambaye ghafla anakataa kuvuliwa nguo, kijana mwenye pipi na salio la simu ambavyo hakuna anayejua vimetoka wapi. Hakuna dalili inayothibitisha jambo peke yake. Zikiandikwa siku baada ya siku, zinaonyesha zamu ya nani.

Nimeona daftari lililoandikwa hivi: “Mtoto ana kichwa kigumu, amejiumiza.” Hilo halimsaidii mtu. Linganisheni na hili: “Jumanne, saa moja na nusu asubuhi. Wakati wa kuoga nimeona alama mbili nyekundu, ndefu kama kidole, nyuma ya paja la kulia. Nimemuuliza: ‘Hapa kumefanyika nini?’ Amejibu: ‘Nilianguka,’ halafu akatazama mlango. Mama wa zamu ya usiku alikuwa amesimama mlangoni. Sikuuliza zaidi. Nimemwambia msimamizi saa mbili kamili.” Mwandishi wa pili hakumshtaki mtu, hakukisia, lakini hakuacha kitu.

Mtoto anapofungua mdomo

Mara nyingi hatachagua saa nzuri. Atasema wakati wa kuchambua mboga ya lengalenga, au njiani kwenda dukani, na ataanza kwa kupima maji: “Mama, nikikuambia kitu hutamwambia mtu?” Msimwahidi siri. Jibu la kweli ni kama hili: “Mwanangu, siwezi kukuahidi kwamba sitamwambia mtu, kwa sababu huenda nikahitaji msaada ili uwe salama. Lakini sitaitangaza, na nitakuambia wewe kwanza ni nani nitakayemwambia.” Kisha acheni kazi, kaeni chini usawa wake, msikilize. Msimkatize, msishtuke kwa sauti, msimuulize kwa nini hakupiga kelele, na msimwekee maneno mdomoni kwa kumtajia jina mnalolishuku. Inatosha kujua kwa ufupi nini, nani, wapi na lini. Mahojiano ya kina ni ya watu waliofunzwa, na mtoto anayesimulia mara saba kwa watu saba huumizwa upya kila mara.

Andikeni maneno yake katika lugha aliyoyasema. Hili napenda kulieleza, kwa kuwa ripoti zetu huandikwa kwa Kifaransa huku watoto wakisema Kiswahili cha hapa, Kiluba au Kibemba. Mtoto akisema “alinichezea,” neno hilo linaweza kuwa mchezo, utani, uonevu, au jambo la mwilini, na mlezi anayelitafsiri harakaharaka ameshatoa hukumu, ama ya kupunguza ama ya kuzidisha. Liacheni lilivyo, katikati ya alama za kunukuu, na mwongeze aliyoonyesha kwa mkono au kwa macho. Kwa kiziwi, tafuteni mkalimani wa lugha ya ishara asiyefanya kazi katika kituo hicho. Kwa asiyesema kabisa, tumieni picha na ishara zake za kila siku, na mwamini mabadiliko ya mwili na tabia.

Siku tatu za kwanza

Kama kuna shaka ya ubakaji, hospitali inatangulia polisi. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Daktari ataangalia pia magonjwa mengine ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina ya B. Saa hizo zinahesabiwa tangu tendo lenyewe, si tangu kituo kilipopata habari. Mwathirika asioge kabla ya kupimwa ikiwa anaweza kuvumilia, na nguo zake zikunjwe ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevunyevu huharibu ushahidi. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi, na asiwepo mtu wa kumwambia mwathirika kwamba yanaingoja. Ulizeni leo, kabla hamjahitaji, ni hospitali gani ya mjini iliyo na dawa hizo usiku na mwisho wa juma, na jina la hospitali hiyo lipigwe gundi ukutani pamoja na namba zake.

Mtuhumiwa aondolewe kazini siku hiyohiyo, na aendelee kupata mshahara wake hadi ukweli ujulikane, kwa kuwa naye anaweza kuwa hana hatia. Kosa la mara kwa mara ni kumhamisha mtoto na kumwacha mkubwa mahali pake. Msimpige, msikubali vijana wa kartie (mtaa) wampige, na msifanye upelelezi wenu. Taarifa iende kwa polisi wa ulinzi wa watoto au moja kwa moja parke, na kwa idara ya mambo ya jamii. Kama mtoto anapaswa kuwekwa mahali pengine, uamuzi ni wa hakimu wa watoto, na ninyi mbaki na nakala.

Halafu watakuja wapatanishi. Atakuja mjomba, atakuja mzee wa kanisa, pengine shefu wa kartie, na bahasha au mbuzi, na wote watasema tumalize kindugu. Mara nyingine anayesema hivyo ni msimamizi anayewaogopa wafadhili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wajibuni kwa adabu kwamba hamna uwezo huo hata mkitaka, kwa kuwa sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaeleza kwamba malipo ya faini ya maafikiano, yaani fedha za kumaliza kesi bila mahakama, hayazimi mashtaka ya ukatili wa kingono. Sheria pacha ya siku hiyohiyo inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na inaongeza maradufu kiwango cha chini pale ambapo mtendaji ana mamlaka juu ya mwathirika au mwathirika ni mlemavu. Bahasha iliyoletwa iandikwe katika daftari pamoja na jina la aliyeileta.

Mlezi aliyetoa taarifa alindwe. Asipewe zamu mbaya, asiitwe msaliti jikoni, na akihitaji kuhamishwa kwa usalama wake, iwe kwa ombi lake. Watoto wengine tayari wanajua kwamba kitu kimetokea, kwa hiyo jioni, kabla ya chakula, mtu wanayemwamini awaambie bila kumtaja aliyeumizwa kwamba fulani hatakuja kazini kwa sasa, kwamba hakuna mtoto aliyekosa, na kwamba mwenye neno anaweza kumwona Mama fulani au Papa fulani saa yoyote. Aliyeumizwa arudi shuleni na kwenye kazi zake za kawaida mara anapoweza, asigeuzwe mgonjwa wa kuonyeshwa wageni. Baada ya mwezi mmoja itoeni tena ile karatasi kubwa, muwape watoto kalamu, mwone alama zimehamia wapi.